Kabichi zimedumaa: je, ninunue lori la udongo mweusi?

Swali: "Shikamoo bwana shamba. Tulihamia nyumba yetu hapa Isyesye, Mbeya, miaka miwili iliyopita. Nyuma ya nyumba nina bustani ya kama mita 10 kwa 12. Nimejaribu kabichi, chainizi, nyanya na karoti, hakuna kinachokua. Kabichi zikiwa kitaluni zinapendeza, nikizihamishia bustanini zinasimama, majani ya chini yanageuka zambarau, hata Februari wakati hakuna baridi. Karoti zinaota miguu miwili mitatu. Nikiweka urea mimea inapata ukijani wiki mbili, kisha inarudi palepale. Mvua ikinyesha, udongo unafanya ukoko mgumu. Tulipochimba shimo la taka tulikuta udongo mweusi chini ya ule mwekundu. Jirani mmoja anasema ninunue lori la udongo mweusi wa bondeni, mwingine anasema nimwage chokaa. Nimsikilize nani? Nataka niwe tayari kabla ya mvua za Novemba."

Marahaba, dada yangu. Lori usinunue. Chokaa nayo iache isubiri. Huenda ukaihitaji, ila si kwa kuimwaga bila kipimo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye sentensi ileile: mlipochimba shimo la taka mlikuta udongo mweusi chini ya mwekundu. Udongo ambao haujaguswa na mtu huwa mweusi juu, mwekundu au wa njano chini. Weusi unatokana na mizizi, majani na samadi vilivyooza kwa miaka mingi, na vitu hivyo huanzia juu kwenda chini. Wa kwako umepinduliwa, na nadhani najua ulivyopinduliwa.

Mafundi wakichimba msingi kwenye kiwanja cha mteremko, kile kifusi cha chini, chekundu, kisicho na uhai, hutandazwa uani ili kusawazisha. Ni nadra kumkuta mtu aliyekumbuka kwanza kukwangua udongo wa juu na kuulundika pembeni. Nyumba ikiisha, ua umenyooka na unapendeza, lakini ardhi iliyokuwa ikilimwa mahindi na maharage miaka nenda miaka rudi imezikwa. Wewe ukaja na jembe lako ukalima kifusi cha msingi. Kabichi zako zimehamia kwenye udongo ambao ulikuwa haujawahi kuona mzizi.

Usiniamini kwa maneno tu, chimba ujionee. Fanya shimo moja katikati ya bustani na jingine karibu na ukuta wa nyumba, upana sentimita 50, kina 60. Upande mmoja ukate wima kwa panga, kama unavyokata kipande cha keki, kisha uunyunyizie maji kidogo ili rangi zijitokeze. Juu natarajia utaona madongo mekundu yenye vipande vya tofali, mchanga wa ujenzi, pengine na mfuko wa saruji uliooza nusu. Chini yake uje mstari mweusi, na kwenye mstari huo mabaki ya mizizi ya nyasi. Pale ndipo ulipokuwa uso wa ardhi kabla ya nyumba. Chukua rula upime: mwekundu unene wake ni sentimita ngapi, na mweusi ni ngapi.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa Dodoma halazimiki kuliwaza. Sisi tunaishi chini ya volkano. Ngozi, Rungwe na Kiejo zimemwaga majivu juu ya nchi hii mara nyingi. Mlipuko mkubwa wa Rungwe wa takribani miaka 4,000 iliyopita ulitawanya changarawe nyepesi eneo kubwa, na lava ya mwisho ya Kiejo ilitiririka karibu mwaka 1800. Kila majivu yalipoanguka yalifunika udongo mweusi wa wakati huo, na mwingine ukaanza kujengeka juu yake. Kwa hiyo ukikuta weusi kwenye kina cha mita moja au zaidi, juu yake kuna tabaka safi la changarawe nyepesi na hakuna hata kipande cha tofali, huo ni udongo wa kale, hauhusiani na mafundi wako. Ukiukuta ndani ya sentimita 20 hadi 40, na uchafu wa ujenzi uko juu yake, basi huo ni shamba lako, limezikwa juzi tu. Shimo la taka huenda chini sana, ndiyo maana nataka uchimbe tena mahali unapopanda.

Ukiwa hapohapo shimoni, tia udongo wa kila rangi kwenye chupa yake ya plastiki inayoonyesha ndani, ujaze theluthi moja, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha uiweke mahali isiguswe. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, tope laini hutua kwa saa chache, mfinyanzi hubaki ukielea kama uji mwepesi hadi kesho yake au zaidi. Ila kwako huenda ukaona kitu kingine: punje ndogo nyeupe au za kahawia zinaelea juu kabisa, hazizami. Ichukue moja uibonyeze kwa kucha. Ni jiwe, lakini lina matundu kama mkate, na ni jepesi kama kipande cha mkaa. Hilo limetoka volkano. Nimeona watu wakiyachekecha na kuyatupa wakidhani ni uchafu. Yaache, dada, yanashika maji na kuachia hewa, na karoti hazisumbuliwi na punje ndogo namna ile.

Chupa hiyo lakini isikudanganye. Chembe za udongo wa majivu ya volkano hushikamana, kwa hiyo kwenye maji zinatua haraka na kujifanya mchanga au tope hata pale palipo na mfinyanzi mwingi. Kipimo cha vidole ni kizuri zaidi. Chukua udongo mbichi kidogo kutoka kwenye tabaka jeusi, uufinye katikati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzoni unakaa imara, ukizidi kuusugua ghafla unateleza kama siagi iliyokaa juani. Ukiona hivyo, jua una udongo wenye tabia moja kubwa, na tabia hiyo inaeleza nusu ya barua yako.

Udongo wa namna hiyo hushika fosforasi na kuing'ang'ania. Zambarau kwenye majani ya chini ya kabichi ni njaa ya fosforasi. Ungeniambia inatokea Juni na Julai tu, ningekwambia usihangaike: mizizi ikiwa kwenye udongo wa baridi hushindwa kunyonya hata fosforasi iliyopo, na joto likirudi rangi hupotea yenyewe. Lakini wewe umesema hata Februari. Kwa hiyo tuseme inakosekana kweli, au ipo na imefungwa. Udongo mwekundu wa kifusi nao una chuma na alumini nyingi, vyote viwili hufunga fosforasi vilevile. Umepata msiba mara mbili, juu na chini.

Na ndiyo sababu urea inakupa furaha ya wiki mbili. Urea ni nitrojeni tupu, asilimia 46. Inatoa majani ya kijani haraka, lakini mmea ukitaka kujenga mizizi ya kubeba majani hayo unakuta hakuna fosforasi, unasimama. Unaongeza tena urea, unasimama tena. Isitoshe, urea ikitumika mfululizo huongeza tindikali kwenye udongo, na tindikali ikizidi fosforasi hufungwa zaidi. SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia, ni mbaya zaidi kwa hilo. Kwa mwaka huu naomba urea uiweke kando kabisa.

Sasa sikia jinsi ya kuilisha kabichi fosforasi kwenye udongo mchoyo. Mbolea ya kupandia, mathalani DAP, usiimwage tuta zima. Ukiitawanya, kila punje inazungukwa na udongo pande zote na kukamatwa kabla mzizi haujafika. Weka kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5, kwenye kila shimo, fukia kwa udongo wa unene wa vidole viwili vitatu, ndipo upande mche juu yake, mizizi isiguse mbolea. Mbolea ikiwa imekaa mahali pamoja, udongo unaoizunguka unashiba, kisha kinachobaki mmea unakipata. Ukichanganya hiyo mbolea na konzi mbili za samadi iliyoiva kwenye shimo lilelile, ni bora zaidi, kwa sababu samadi huzishika zile sehemu za udongo ambazo zingeshika fosforasi. Tofauti utaiona kwa macho baada ya wiki tatu.

Ukipenda njia ya polepole, kuna mbolea ya mawe ya fosfeti kutoka Minjingu, mkoani Manyara. Hiyo inafaa hasa udongo wenye tindikali, maana tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Ila usiiweke pamoja na chokaa mahali pamoja msimu mmoja. Chokaa itaondoa tindikali ileile unayoitegemea, na mawe yatakaa tu.

Hapo ndipo nafika kwa jirani wa chokaa. Hajakosea kabisa. Maeneo mengi ya Nyanda za Juu Kusini mvua ni nyingi na udongo una tindikali, na pH (kipimo cha tindikali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali) ikishuka chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka ndani ya udongo na kuunguza ncha za mizizi. Unakuta mizizi mifupi, minene, kama vidole vilivyokatwa. Lakini swali ni pH yako wewe ni ngapi, na kwa ua uliojengwa juzi jibu linaweza kuwa tofauti kila baada ya hatua tano. Karibu na ukuta, ambako mafundi walichanganya zege, saruji imeingia kwenye udongo na saruji ni chokaa tayari. Jaribu: chukua udongo mkavu kutoka kule ukutani, umwagie siki. Ukitoa povu na kuchemka, hapo chokaa ipo ya kutosha na kuongeza ni kuharibu. Udongo wa katikati ya bustani usipotoa povu, hujajua bado. Siki inaonyesha chokaa iliyopo, haisemi tindikali ni kiasi gani.

Kwa hilo nenda maabara. Wewe una bahati, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole si mbali nawe. Chukua udongo sehemu 8 au 10 za bustani, kutoka juu hadi sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki safi, si ile iliyobeba majivu au mbolea, anika kivulini, kisha peleka kama nusu kilo. Sampuli ya karibu na ukuta uifunge peke yake. Omba wakupimie pH, fosforasi, potasiamu na kaboni ya viumbe hai (inayoonyesha wingi wa mabaki yaliyooza), na waambie unataka kupanda mboga. Ukipima baada ya kugeuza udongo (nitaeleza sasa hivi) ni afadhali kuliko kabla, maana utakuwa unapima kile ambacho mizizi itakikuta.

Wakikwambia pH iko chini ya 5.5, basi weka chokaa ya kilimo. Kiasi cha kuanzia kwa bustani ni gramu 200 kwa kila mita ya mraba, sawa na tani 2 kwa hekta. Tuta la mita 1.2 kwa 5 litachukua kilo 1.2. Udongo wa volkano hugoma kubadilika, kwa hiyo usishangae pH ikipanda kidogo tu mwaka wa kwanza; rudia mwaka ujao kwa kupima, usiongeze mara tatu kwa hasira. Chokaa ichanganywe na udongo hadi sentimita 15, na ikae miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, au angalau mwezi kama huna muda. Usiichanganye siku moja na samadi au urea, nitrojeni itapaa hewani ikiwa harufu kali ya kuchoma pua. Majivu ya jikoni nayo hupunguza tindikali, kwa nguvu kama nusu ya chokaa au pungufu, na yana potasiamu. Kopo dogo kwa mita ya mraba mara moja kwa mwaka linatosha. Kumwaga majivu kila asubuhi palepale, kama wengi tunavyofanya, ni kuua hicho kipande.

Nasema haya kwa sababu niliumia nayo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliweka chokaa kwenye shamba langu dogo la viazi mviringo bila kupima, kwa imani tu kwamba udongo wa milimani una tindikali. Majani yalipendeza. Tulipochimba, viazi vilikuwa na magamba kama ngozi ya mtu mwenye ukurutu, gunia baada ya gunia, na mnunuzi aliyekuja aliondoka bila kupakia. Viazi hupenda tindikali kiasi, pH 5 hadi 6, na chokaa ikizidi ugonjwa ule wa magamba huwapata kwa wingi. Kabichi yako inataka 6 hadi 7, maharage na nyanya karibu hapohapo. Kwa hiyo hata kwenye bustani moja, tuta utakalowekea chokaa liwe la kabichi, lisiwe la viazi.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na bustani yote, mita za mraba 120 zitakuchosha na utaiacha njiani. Anza na matuta matatu ya mita 1.2 kwa 5. Mwagilia jioni ya siku iliyotangulia ili udongo uwe na unyevu lakini usinate kwenye jembe. Chimba mfereji kukata upana wa tuta, sentimita 40 upana wake. Udongo mwekundu uweke kwenye turubai moja, mweusi kwenye turubai jingine. Tofali, kokoto na saruji tupa nje. Sakafu ya mfereji ichokonoe kwa sururu, usiutoe udongo wake, ulegeze tu. Kisha ingia kipande kinachofuata: mwekundu wake utumbukize chini ya mfereji wa kwanza, ukichanganya na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na samadi, halafu mweusi wake uje juu. Endelea hivyo hadi mwisho wa tuta. Mfereji wa mwisho unajazwa na yale uliyoweka kwenye maturubai, mwekundu chini, mweusi juu.

Kwa kawaida huwa nakataza mtu kuleta udongo wa chini juu. Kwako chini ndiko juu.

Mweusi huo umekaa miaka miwili bila hewa. Ukisikia harufu ya mtaro, usiogope. Uache wazi kwa wiki moja, uugeuze mara mbili, harufu itaisha. Ukikuta mwekundu una unene unaozidi sentimita 40, niambie kabla ya kuendelea, kwa sababu hapo kazi ya kugeuza inakuwa kubwa kuliko faida na tutajenga kwenda juu kwa mboji badala yake.

Juu ya kila tuta weka ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyoiva, uichanganye kwenye sentimita 15 za juu. Iliyoiva maana yake haina harufu ya zizi, haina joto, na huwezi kutambua nyasi alizokula ng'ombe. Kwa upande wa Uyole na Rungwe ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani ni wengi, samadi inapatikana. Mbolea ya kuku yenye maranda ni kali. Ilundike miezi miwili au mitatu kwanza, na tumia nusu ya kiasi hicho. Samadi mbichi ndiyo mojawapo ya sababu za karoti kuota miguu. Sababu nyingine ni vipande vya tofali na ule ugumu: ncha ya mzizi ikigonga kitu inagawanyika, na hairudi kuwa moja tena.

Mboji anza kuilundika wiki hii hii. Hapa kwetu, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, lundo dogo halipati joto kabisa; baridi ya usiku inalinyang'anya. Lisipungue mita moja kila upande, urefu kwa upana kwa kimo. Panga majani makavu unene wa kama viganja viwili, juu yake majani mabichi au samadi kiganja kimoja, nyunyiza maji, rudia. Lifunike kwa majani ya migomba au gunia. Chomeka mti mrefu katikati. Siku ya nne au ya tano uuchomoe na uushike. Usipoweza kuushikilia kwa joto, kazi inaendelea. Ukiwa vuguvugu, geuza lundo na uongeze kijani. Ukitoka mkavu, ongeza maji. Kwa Mbeya hesabu miezi mitatu hadi minne, usidanganyike na maelekezo ya Pwani ya wiki sita.

Kwa kijani, chukua alizeti pori, lile jani chungu lenye maua ya njano linaloota kandokando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Wengi hulifyeka na kulichoma. Majani yake makavu yana nitrojeni takribani asilimia 3 hadi 4 na fosforasi zaidi kuliko majani mengine mengi ya porini, na yanaoza haraka sana. Kata kabla halijatoa mbegu. Unaweza hata kulizika bichi kwenye tuta wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Majani ya mikaratusi usiyatumie mabichi, yanazuia mbegu kuota. Vumbi la mbao tandaza njiani kati ya matuta tu. Ukilichanganya na udongo, vijidudu vitakula nitrojeni yote ili kulivunja na mimea itageuka njano.

Sehemu ya bustani ambayo hutaigeuza mwaka huu isikae uchi. Mvua zikianza ipande marejea. Ni jamii ya kunde, inajitafutia nitrojeni hewani, mzizi wake unapasua kifusi, na wamonaki wa Peramiho kule Songea waliihimiza sana kwa wakulima enzi zile. Ikianza kutoa maua ikate uilaze palepale. Mwaka unaofuata jembe litaingia kwa urahisi.

Ukoko unaousema hutokana na matone ya mvua kupiga udongo ulio wazi. Chembe zinavunjika, zinaziba matundu, jua linakuja linachoma, imekuwa sakafu. Dawa yake ni matandazo: nyasi kavu zisizo na mbegu, maganda ya maharage, mabua yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne, yakiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Kuanzia hapo usikanyage tuta. Mita 1.2 nimeichagua kwa sababu mkono wako utafika katikati kutoka kila upande.

Narudi kwa lori kidogo, kwa sababu najua jirani yako atauliza. Udongo mweusi wa bondeni huwezi kujua umetoka wapi. Ukiwa wa mbugani, ni mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukiuweka juu ya kifusi unapata tope juu ya sakafu. Ukiwa umekwanguliwa shamba la viazi au nyanya, unaweza kukuletea mnyauko bakteria, ambao ukishaingia bustanini hakuna dawa ya kuutoa, na nyanya utazisahau kwa miaka. Bado sijataja ndago; vile viazi vyake vidogo vinasafiri ndani ya udongo, na kipande kimoja kinatosha kukufanya ulie. Na kila lori linaloshushwa mjini, kuna bonde la mtu limebaki bila ngozi.

Wasomaji wa Iringa, haya ya kugeuza udongo msiyachukue yalivyo. Udongo mwekundu wa Kihesa au Mtwivila si kifusi, ni wenyewe wa pale, na chini yake hamtakuta mweusi. Nanyi wa Mufindi, mnaopakana na mashamba ya chai, chai inastawi kwa sababu tindikali ni kali. Kwenu kipimo cha pH kije kwanza kabla ya jembe.

Dada, kwa kuwa ni Septemba, panga hivi. Wiki hii mashimo na lundo la mboji. Mwisho wa mwezi uwe umegeuza matuta matatu na sampuli iko Uyole. Majibu yakidai chokaa, iingie mwanzoni mwa Oktoba, na samadi ya juu uizuie hadi mwisho wa mwezi huo. Kitalu cha kabichi kisie katikati ya Oktoba, miche itakuwa tayari mvua zikikolea. Tuta la pili lipe maharage. La tatu liwe la chainizi, ambayo itakupa mboga ndani ya wiki tano au sita wakati mengine yanajipanga. Nyanya ziweke baada ya masika, mvua zikiwa zimekatika, maana Januari hapa ukungu utazimaliza hata udongo uwe mzuri namna gani. Karoti ziache hadi mwakani, uzipande palepale kabichi zilipotoka, bila kuongeza samadi yoyote.

Masika yakikolea, mwezi wa pili hivi, chimba donge la sentimita 30 kila upande kwenye tuta la kabichi, ulivunjevunje juu ya gunia uhesabu nyungunyungu. Wakifika 10, tuta linaenda vizuri. Fanya hivyohivyo kwenye kile kipande ambacho hukukigeuza, kisha niandikie namba zote mbili, pamoja na vile vipimo vya rula.